Maji ya Mungu Jikoni Kwetu

Kanisani kwetu Jumatano ni siku ya shuhuda. Wanawake tunakaa kwenye viti vya plastiki, tunaimba kidogo, halafu mmoja mmoja anasimama kueleza Mungu amemtendea nini wiki hiyo. Huyu kapata kiwanja, yule mwanawe kapata viza, mwingine kajifungua mapacha baada ya madaktari kukata tamaa. Mwaka ninaousimulia hapa nilikuwa nimeacha kwenda. Sikuwa nimeacha kuamini, nilikuwa nimenuna tu. Nilimnunia Mungu jinsi mtu anavyomnunia jirani aliyemkosea: unamsalimia mkikutana, lakini humkaribishi ndani.

Sababu nitaisema hapa hapa mwanzoni. Nilikuwa nimepoteza mimba mbili, na ya tatu ilipotoka iliondoka na kizazi chenyewe. Damu ilikataa kukatika. Daktari akatoka nje kumwambia mume wangu kwamba hapa kuna kuokoa mama au kuokoa kizazi, na asichelewe kusema. Nilipozinduka nilikuwa hai, na sina tena mahali pa kubebea mtoto. Pale pale kitandani tulikubaliana kwamba jambo hilo tutalijua sisi wawili na daktari. Wengine wangeambiwa tu kwamba mimba imetoka tena. Na mtu ambaye hakupaswa kujua hata siku moja ni mama wa mume wangu.

Mama mkwe wangu alizaa wana wawili. Mkubwa alikwenda vitani akiwa kijana, hakurudi. Akizungumziwa nyumbani, aliitwa "yule mkubwa", basi, halafu mazungumzo yanahamia kwenye mvua au bei ya mahindi. Aliyebaki ni mume wangu. Kwa hiyo macho ya ukoo mzima yalikuwa tumboni kwangu, na kwa watu wetu mwanamume asiye na mtoto bado ana njia ya kumpata: anatafutiwa mwanamke mwingine, pengine kwa siri, pengine kwa heshima zote, na mke wa kwanza anaambiwa asione vibaya, mtoto ataletwa amlee kama wake. Nilikuwa nimeshuhudia hayo kwa wengine. Nilijua pia kwamba mume wangu hawezi kumkatalia mama yake kitu, kwa sababu alikuwa amebaki peke yake wa kumkubalia.

Mimi na mume wangu tulikulia Karagwe, upande wa Tanzania, watoto wa wakimbizi, tukarudi Rwanda tukiwa wakubwa. Ndiyo maana nyumbani lugha zetu zimechanganyika: Kinyarwanda cha kusali na kupokea wageni, Kiswahili cha kuuza na kugombana. Tuna duka la vifaa vya maji huku Kinyinya, pembezoni mwa mji mkuu. Kinyinya kila kukicha kuna mtu anamwaga msingi, na kila anayemaliza paa lazima aje kwetu kutafuta koki, masinki na matangi. Mimi ndiye ninayekaa kaunta. Wateja wananijua kwa mdomo. Nikimwona mtu anataka kununua koki ya mapambo kabla hajavuta bomba, namwambia aende kwanza akavute bomba.

Mama mkwe alikuja kwetu kutoka mkoa wa Mashariki kwa ajili ya goti lake. Alikuwa atibiwe wiki kadhaa arudi, lakini daktari wa goti alikuwa na njoo-kesho nyingi, na mume wangu alifurahi kuwa na mama yake karibu, basi akabaki. Sina la kumlaumu. Hakuingilia sufuria zangu, hakupekua kabati langu. Aliniita mukazana, yaani mke wa mwanangu, na mimi nilimwita Mama.

Jioni ya kwanza, baada ya vyombo kuoshwa, alichukua jagi la plastiki, akalijaza maji ya bomba, akalifunika kwa kisahani na kuliweka pembeni ya jiko. Nikamuuliza kama anasikia kiu usiku, nimpelekee chumbani.

"Hapana. Hii si yangu. Ni ya Imana," akasema.

Ndivyo tunavyomwita Mungu kwa Kinyarwanda. Nikadhani anatania.

"Nyumba iko na mwanamke bado anazaa, haiwezi kulala kavu," akaniambia, kwa sauti ya mtu anayeeleza kwa nini mlango unafungwa. "Watu wakilala, Imana anapita kuumba mtoto. Akikuta maji hakuna, atafinyanga na nini?"

Nilikuwa nimelisikia jambo hilo utotoni kutoka kwa vikongwe, kama mtu anavyosikia habari za zamani. Sikujua bado kuna mtu anayelifanya, tena mtu wa rozari, asiyekosa misa ila goti limemkatalia. Mchungaji wetu angesema ni upagani. Niliaga nikaingia chumbani, nikakaa kitandani na viatu vyangu miguuni, nikamwambia mume wangu, "Mama yako ananiwekea maji ya mtoto." Alivua saa yake akaiweka mezani, akaichukua tena akaivaa.

Ikawa hivyo kila jioni. Asubuhi maji yale aliyatumia kupikia uji, maana kwake maji ni maji, hayatupwi. Jioni anajaza mengine. Kila nilipoingia jikoni nililiona jagi na kisahani chake, na kila nilipoliona niliona aibu ya mtu anayepewa zawadi kwa sherehe isiyokuwepo. Baada ya aibu ilikuja hasira. Nilitaka kumwambia Mungu, kama kweli unapita hapa, basi wewe kuliko wote unajua kwamba maji haya hayana kazi. Kwa nini unamwacha mzee wa watu ajisumbue?

Kilichonikera zaidi ni jinsi alivyoishi na huyo Mungu wake mchana. Mimi nililelewa na Mungu wa mambo makubwa, wa viza na mapacha. Yeye alikuwa naye kama mtu wanayepanga naye nyumba moja. Kiberiti kikiwaka mara ya kwanza: "Urakoze, Mana," yaani asante Mungu. Muuza parachichi akipita langoni wakati yeye anawaza parachichi: urakoze. Umeme ukirudi: urakoze. Siku moja goti lilimruhusu kuinama akaokota kijiko kilichoanguka, akabaki ameinama hivyo hivyo anashukuru, hadi nikaenda kumsaidia kunyooka. Nikamwambia, "Mama, Mungu ana kazi nyingine, ujue." Akanitazama kwa mshangao wa kweli. "Kazi gani?" akauliza.

Nilikwenda kulicheka hilo dukani. Lakini niseme ukweli, baada ya siku hiyo nilianza kumsikiliza. Nikiwa kaunta, mteja akiondoka ameridhika au mvua ikisubiri hadi saruji ya jirani ikauke, lile neno lake lilinijia mdomoni lenyewe. Nililimeza. Nilikuwa bado nimenuna.

Kisha shangazi akapiga simu.

Shangazi ninayemsema ni dada wa marehemu baba mkwe wangu, anakaa Busanza. Kwetu shangazi wa mume ni mtu mzito. Akisema anakuja, hakuna anayeuliza kama kuna nafasi. Alimpigia mume wangu akasema Jumapili inayofuata, baada ya misa, atakuja kumjulia hali wifi yake na "tuzungumze mambo ya nyumba yenu". Mume wangu alikata simu akabaki ameishika. Hatukuulizana ni mambo gani. Shangazi alikuwa ameshawahi kuniambia, kwenye harusi moja, kwamba nyumba yetu ni nzuri ila iko kimya sana.

Nilijua itakavyokuwa. Shangazi angesema, mume wangu angeinamisha kichwa, na neno la mwisho lingekuwa la mama mkwe. Yeye akisema tusubiri, tungesubiri. Akisema mwanangu anahitaji mtoto, basi mimi nimekwisha, hata kama ningebaki ndani ya nyumba ile hadi kufa. Na alikuwa akisubiri kwa moyo mmoja kwa sababu hakujua. Jagi lile lilikuwa ndilo linalonilinda, na lilikuwa uongo.

Kiangazi kilikuwa kimekaza. Bomba letu lilikauka Jumatatu, kama kawaida ya miezi hiyo, na tangi letu, sisi tunaowauzia watu matangi, lilikuwa dogo na lina ufa ambao mume wangu alikuwa akiahidi kuushughulikia tangu Krismasi. Tukaanza kuchota kwa madumu. Alhamisi nilirudi kutoka dukani nimechoka, vumbi hadi kwenye nyusi. Mume wangu alikuwa Nyarutarama, amempelekea mteja masinki. Madumu yalikuwa matupu, mimi nikiwa na maharage motoni na fungu la dodo, yaani mchicha, la kuosha. Mama mkwe alikuwa chumbani kwake anasali rozari. Alikuwa ameyaweka maji yake mapema siku hiyo, maana alijua ni ya kubahatisha.

Nikayachukua. Dodo haioshwi kwa imani.

Tulikula sisi wawili, tukazungumza habari za goti. Alisifu mboga. Baada ya chakula nilitoka nyuma kuanua nguo, na simu ya mteja mmoja msumbufu ikanishika huko. Niliporudi ndani nyumba ilikuwa kimya. Chumba chake kitupu. Jagi limewekwa juu ya meza, kisahani pembeni, na geti la mbele liko wazi.

Nilimkuta mteremkoni, kwenye ile njia ya mawe inayokwenda kwa jirani mwenye tangi kubwa. Giza lilikuwa ndiyo kwanza linaingia. Alikuwa ameketi ukingoni mwa mtaro, mguu mbaya ameunyoosha, na dumu dogo la mafuta ya kupikia limejaa maji mbele yake. Alikuwa anapumua kwa mdomo. Watu waliokuwa wanatoka kazini walipita wakimsalimia, kisha wakanitazama mimi ninayeshuka, na nilijua wanachosema mioyoni mwao: mukazana gani huyu anayemtuma mama mkwe mgonjwa maji?

"Mama, unafanya nini huku?"

"Nimekuta maji imeisha," akasema. "Nikaona umechoka. Nikasema nisikusumbue."

Kama angenigombeza ningeweza kuvumilia. Nilichukua dumu mkono mmoja, yeye nikamshika kwapani kwa mkono mwingine, tukapanda hatua kwa hatua. Tulipofika jikoni alifungua dumu kabla hata ya kukaa, akavuta jagi karibu.

"Mama, usiyaweke."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu hayana kazi." Sauti yangu ilikuwa ya kaunta, kavu, sikuweza kupata nyingine. "Hakuna cha kuumba humu ndani. Kizazi walishakitoa. Ile mara ya mwisho, hospitali. Hakipo. Sitazaa, Mama. Tulikuficha."

Alishusha dumu. Alitafuta kiti kwa mkono bila kukiangalia, akakaa.

"Mwanangu anajua?"

"Anajua. Yeye ndiye aliyeulizwa."

"Tangu siku ile?"

"Tangu siku ile."

Nilisimama nikiwa nimeshika ukingo wa sinki. Nilitegemea alie, au aondoke, au aniulize ni kwa dhambi gani. Yeye alikaa anaangalia mikono yake. Kisha akainua uso akaangalia mahali jagi linapokaa kila siku, pembeni ya jiko, na akaanza kuzungumza Kinyarwanda, kwa sauti ya kawaida, kama anayemwambia mtu aliyechelewa chakula. Ilinichukua muda kutambua kwamba hazungumzi na mimi.

"Wewe," alisema. "Nimekutekea maji tangu niolewe. Kambini tulikuwa tunayafuata mtoni, na bado yako niliyaacha. Niliyaacha nikiwa na kiu mwenyewe. Ulimchukua yule mkubwa nikanyamaza, nikasema una sababu zako. Sasa huyu? Mtoto wa watu amekuja nyumbani kwangu, analala na kidonda kama hiki peke yake, na wewe kila usiku unapita hapa, unamwona, unanyamaza. Hata kuniambia hukuniambia. Mimi namwekea maji, kumbe namchoma. Ungeniambia. Ningekuwa nimemshika."

Alikuwa analia, lakini sauti haikuvunjika. Aliendelea hivyo kwa muda. Alimkumbusha Mungu mambo ambayo mimi sikuyajua, ya njaa na ya safari, na kila jambo alilimalizia na lile neno, ungeniambia. Alipoishiwa alijifuta uso kwa ncha ya kitenge chake, akasimama, akamimina maji kwenye jagi hadi juu, akalifunika na kuliweka mahali pake.

"Anywe," akaniambia kwa Kiswahili. "Lakini ajue mimi nimekasirika."

Nimekaa kanisani maisha yangu yote na sikuwahi kuona kitu kama kile. Mimi nilidhani ukimkasirikia Mungu unaondoka, unafunga mlango, na ukibaki maana yake hujakasirika. Huyu mama alikuwa amemgombeza usoni na bado akamtekea maji, tena kwa mguu ule. Na sisemi hivi kwa kupamba: tulikuwa watatu jikoni. Nilijua hivyo kwa uhakika wa mtu anayejua kuna mtu chumba cha pili bila kusikia hatua zake. Alikuwepo, alikuwa anasikiliza, na hakujitetea. Nikaketi sakafuni nikalia kilio ambacho sikuwa nimekilia hospitali, na mama mkwe akaweka mkono wake kichwani kwangu, kwenye vumbi la duka, hadi nikanyamaza.

Lakini kulia ni kulia, na Jumapili ilikuwa pale pale. Mama mkwe hakusema kitu kuhusu shangazi. Ijumaa alinywa uji wake, akashukuru kwa kiberiti, akalala mchana. Nilikaa kaunta nikiuza vitu nisivyokumbuka. Nilijiambia kwamba kunihurumia ni jambo moja na ukoo ni jambo lingine. Anaweza kunipenda kabisa na bado akataka mjukuu. Ningekuwa mimi, nimebakiwa na mwana mmoja, ningetaka.

Jumamosi ilikuwa ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya mtaa, na mume wangu alirudi na jembe begani na matope viatuni. Kabla hajanawa, mama yake akamwita chumbani akafunga mlango. Walikaa huko muda mrefu. Nilikuwa jikoni, sikuweza kusikia ila neno moja moja, na neno nililolisikia zaidi ya mara moja ni umuryango, ukoo. Alipotoka macho yake yalikuwa mekundu.

"Amesemaje?" nikamuuliza.

"Ameuliza mambo ya hospitali. Yote. Amenilaumu kwa kuficha."

"Na kesho?"

"Hajaniambia atasema nini."

"Na wewe?"

Alinitazama kama nimemuuliza jina lake. "Mimi nilishaulizwa swali hilo," akasema, akaenda kunawa.

Jumapili shangazi alifika na mkungu wa ndizi za kuiva, kitambaa cha sherehe begani, na manukato ya misa. Nisimfanye mtu mbaya. Alimpenda sana kaka yake, baba mkwe wangu, na alimlea mume wangu miaka fulani alipokuwa anasoma. Aliniuliza habari za duka, akasifu mapazia. Tulikunywa chai. Walizungumza habari za ng'ombe, za watu waliohama, za padri mpya. Kisha akaweka kikombe chini, akaniangalia kwa upole, na upole ule uliniogopesha kuliko ukali.

"Mke wa mwanetu, usione vibaya," akaanza. "Sisi tunakupenda. Hakuna mtu anasema uondoke. Lakini miaka iko inaenda. Mwanamume huyu amebaki peke yake. Kuna njia. Mtoto anaweza kupatikana, akaletwa hapa, ukamlea wewe, akakuita mama. Wengi wamefanya hivyo na nyumba iko salama." Akamgeukia mama mkwe. "Mimi na wewe ni wazee. Mume wako amekwenda. Mwanao mkubwa alibaki vitani, hata kaburi hatujui. Sisi tukiondoka, nani atawataja?"

Hapo nilielewa kwa nini wamekuwa wakingoja kwa hofu miaka yote. Kwa watu wetu aliyekufa bila wa kumtaja amekufa mara mbili. Mume wangu alikuwa anaangalia zulia. Mimi niliangalia mikono ya mama mkwe, kwa sababu sikuthubutu kuangalia uso wake.

"Umemaliza, wifi?" mama mkwe akauliza.

"Nimemaliza."

"Mukazana wangu hazai tena. Walitoa kizazi ili yeye abaki. Mwanangu aliulizwa, akachagua mke wake. Mimi sikuwepo. Ningekuwepo ningesema hivyo hivyo."

Shangazi alimgeukia mume wangu.

"Miaka hii yote naomba Imana mtoto ndani ya nyumba hii," mama mkwe akaendelea. "Naweka maji, naomba. Huyu ananipeleka hospitali, ananinyoosha nikiinama, ananikanda goti kwa mikono imechoka na duka. Alhamisi amenipandisha mlima kwapani kama mtoto na mama. Mimi nilikuwa naangalia tumbo, sikuangalia uso. Imana alishanipa. Mimi ndiye sikuona." Akanishika mkono mbele yao wote. "Umeuliza nani atawataja. Huyu atawataja."

Shangazi alitoa leso akajifuta chini ya macho, sijui kwa ajili ya nani. Baadaye aliuliza kama chai imebaki, nikamwongezea, nikamwaga kidogo kwenye kisahani, naye akasema haidhuru. Alipoondoka jioni alinikumbatia mara tatu kama desturi, na mara ya tatu hakuniachia haraka. Sijui kama alikubali, lakini jambo lile hakulirudia tena mbele yangu.

Mume wangu alimsindikiza hadi barabarani. Niliingia chumbani kwa mama mkwe kumpelekea dawa nikamkuta amekaa kitandani, ameinama, mabega yanatikisika. Alikuwa amejikaza mbele ya wifi yake, sasa alikuwa peke yake na kile alichokitoa. Mjukuu aliyemngoja miaka ile yote alikuwa amemzika mwenyewe sebuleni, kwa maneno yake mwenyewe, kwa ajili yangu. Nilikaa pembeni yake.

"Inauma, mwana wanjye," akasema. Mwanangu. Alikuwa hajawahi kuniita hivyo.

"Inauma, Mama."

Tulikaa. Nje watoto wa jirani walikuwa wanapiga mpira kwenye ukuta wetu, na hakuna kati yetu aliyetoka kuwakemea. Baada ya muda alijifuta uso, akaniangalia vizuri, akataja jina. Lilikuwa la yule mkubwa, lakini si lile lililoandikwa kwenye vyeti ambalo mume wangu aliwahi kuniambia. Lilikuwa jina la utotoni, alilompa yeye alipokuwa anambeba mgongoni. Alisema mwanawe huyo aliogopa kuku hadi umri wa kwenda shule. Alisema alipenda maziwa yaliyoganda kwa viazi vya moto, na kwamba asubuhi aliyoondoka kwenda vitani alikula hayo, akacheka, akasema atarudi kumalizia.

"Litaje," akaniambia.

Nikalitaja.